Barua kwa Mhariri: Mahut hakuwa mtu wa mechi moja

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua turekebishe habari fupi mliyoitoa kwenye ukurasa wa michezo kuhusu kustaafu kwa Nicolas Mahut, mcheza tenisi wa Ufaransa. Kichwa cha habari kilisema "Aliyeshindwa mechi ndefu kuliko zote aaga". Chini yake ikafuata mistari sita: kwamba alicheza "saa 11 mfululizo", kwamba alifungwa "gemu 70 kwa 68", na kwamba tangu hapo "hakusikika tena". La kwanza si kweli. La pili ni nusu ya kweli. La tatu ndilo lililotufanya tuandike, kwa sababu mtu huyo baada ya mechi hiyo alishika namba 1 ya dunia katika mchezo wa wawili wawili na akatwaa mataji matano ya Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi. Kama huko ndiko kutosikika, basi wachezaji wengi wangeomba wasisikike hivyo.

Tuanze na mechi yenyewe, maana kila mtu anaitaja na wachache wanaieleza vizuri.

Ilikuwa raundi ya kwanza ya Wimbledon mwaka 2010, Uwanja namba 18, Mahut dhidi ya Mmarekani John Isner. Ilichezwa siku tatu, kuanzia Jumanne tarehe 22 Juni hadi Alhamisi tarehe 24. Jumla ya muda wa mchezo ni saa 11 na dakika 5, lakini si mfululizo. Jumanne walicheza seti nne, giza likaingia. Jumatano walicheza seti ya tano peke yake kwa zaidi ya saa 7, giza likaingia tena wakiwa 59–59. Alhamisi wakarudi, wakamaliza kwa muda wa saa moja na dakika chache. Uwanja namba 18 hauna taa, na London mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo kila siku walisimamishwa karibu na saa hiyo.

Matokeo kamili yanasomeka hivi, kwa upande wa Isner: 6–4, 3–6, 6–7(7), 7–6(3), 70–68. Hiyo 70–68 ni seti ya tano tu. Gemu zote za mechi ni 183. Isner alishinda 92, Mahut 91. Tukihesabu pointi, Mahut alipata 502 na Isner 478. Aliyeshindwa alipata pointi 24 zaidi ya mshindi. Hilo si ajabu katika tenisi, kwa kuwa pointi hazijumlishwi kama mabao ya mpira wa kikapu: ukishinda gemu yako bila kupoteza pointi hata moja, na mwenzako akashinda yake kwa kusuasua hadi 40–40 mara tatu, nyote mna gemu moja moja. Mahut alikuwa anashinda gemu zake kwa urahisi zaidi. Isner alikuwa anashinda pale penye uzito.

Kwa nini seti ilifika huko? Sababu ya kwanza ni ya sheria. Wakati ule Wimbledon ilikuwa na taibreki, yaani gemu moja ya pointi ya kuamua seti iliyofika 6–6, katika seti nne za mwanzo tu. Mkifika 6–6 katika seti ya tano mnaendelea mpaka mmoja atangulie kwa gemu mbili, na hakuna kikomo. Sababu ya pili ni servi, mpigo wa kuanzisha pointi. Isner ana urefu wa mita 2.08, mpira wake unatoka juu kiasi kwamba anaweza kuulenga ndani ya boksi kwa pembe ambayo mtu wa mita 1.80 hawezi. Mahut, mwenye mita 1.91, hakuwa na nguvu hizo, ila alikuwa na servi iliyopangwa vizuri na mguu wa kuifuata hadi kwenye wavu. Katika mechi nzima servi ilivunjwa, yaani mpokeaji alishinda gemu, mara tatu tu: Isner katika seti ya kwanza, Mahut katika seti ya pili, na gemu ya mwisho kabisa. Katikati ya hapo zilipita gemu 168 mfululizo ambazo kila mwenye servi alishinda. Esi, yaani servi ambazo mpokeaji hazigusi kabisa, zilikuwa 113 kwa Isner na 103 kwa Mahut.

Tumepiga hesabu kidogo kwa ajili ya wasomaji wanaopenda namba. Chukua wachezaji wawili ambao kila mmoja hushinda gemu 90 kati ya 100 za servi yake. Wakiwa 6–6, uwezekano wa kufika 68–68 ni kama mara 4 au 5 katika milioni moja. Wapandishe wawe wanashinda 97 kati ya 100, uwezekano unakuwa kama mara 2 au 3 katika mia. Wapandishe tena hadi 99, sasa ni karibu mara 29 katika mia. Kwa hiyo si bahati ya ajabu kama watu wanavyodhani. Ni kwamba jioni ile wote wawili walifika kiwango ambacho servi haivunjiki tena, na sheria haikuwa na mlango wa kuwatolea.

Lakini jambo ambalo magazeti hulipita ni uchovu ulifanya nini. Watu husema "walichoka, ndiyo maana ikawa ndefu", halafu hawaelezi. Uchovu haushambulii viungo vyote sawasawa. Unapopiga servi umesimama, unaamua mwenyewe muda, unapumua, unarusha mpira wako. Unapopokea lazima mguu wa kwanza utoke chini ya nusu sekunde, na mguu ndio unaokufa kwanza. Kufikia gemu ya 40 katika seti ile, Isner alikuwa hakimbilii mipira mingi ya servi ya Mahut. Alikuwa akiisindikiza kwa macho, anatunza pumzi, halafu anarudi kwenye mstari wake kupiga servi. Upande wa pili Mahut bado alikuwa na miguu, ila miguu haisaidii mpira unaopita kabla hujanyoosha mkono. Mmoja hawezi kupokea kwa sababu ya mwili wake, mwingine kwa sababu ya servi ya mwenzake. Ndiyo maana katika mechi nzima Mahut alipata nafasi tatu tu za kuvunja servi, na mbili kati ya hizo zilimjia kwa pamoja wakiwa 50–50. Isner alizizima zote mbili.

Na kuna suala la nani anaanza. Isner ndiye aliyeanza kupiga servi katika seti ya tano. Maana yake ni kwamba kuanzia 5–4, kila mara Mahut aliposimama kwenye mstari wa servi alikuwa nyuma kwa gemu moja, na kupoteza gemu hiyo ni kupoteza mechi. Hesabuni wenyewe: alipokuwa 4–5 akasawazisha, 5–6 akasawazisha, na kadhalika hadi 67–68. Hizo ni mara 64. Mara ya 65, akiwa 68–69, ndipo Isner alipopitisha mpira wa bekihendi (mpigo wa nyuma ya mkono) sambamba na mstari wa pembeni na mambo yakaisha. Ilikuwa mara ya tano Isner kupata pointi ya mechi, yaani pointi ambayo akiishinda mechi inaisha. Nne za kabla Mahut alikuwa amezizuia. Mtu anayeita hilo "kushindwa" bila maneno mengine hajawahi kusimama kwenye mstari akiwa na 40 huku mpinzani akiwa na faida. Kwa macho yetu sisi waamuzi wa tenisi, kazi ya Mahut siku ile ilikuwa nzito kuliko ya Isner, na tunalisema hilo bila kumpunguzia Isner chochote.

Tukiwa hapo, mwamuzi wa kiti alikuwa Mohamed Lahyani, Msweden mzaliwa wa Morocco, na alikaa kiti hicho kwa mechi yote. Ubao wa matokeo wa umeme ulikwama kwenye 47–47 na kuzima, kwa kuwa waliouandalia programu hawakudhani kuna seti itapita hapo. Kwa muda huo sauti ya mwamuzi ndiyo iliyokuwa ubao. Ndiyo sababu waamuzi vijana hufundishwa kutangaza gemu kwa sauti kamili kila inapokwisha, hata kama ubao unawaka mbele ya kila mtu. Ubao unaweza kuzima.

Gharama ilionekana kesho yake. Isner aliingia raundi ya pili dhidi ya Mholanzi Thiemo de Bakker akafungwa 6–0, 6–3, 6–2 kwa dakika 74, bila kupiga hata esi moja. Mwaka uliofuata kura ikawakutanisha tena Isner na Mahut, raundi ya kwanza, Wimbledon hiyo hiyo. Isner alishinda 7–6(4), 6–2, 7–6(6), wakaenda kula chakula cha jioni kwa wakati.

Sasa tutoke kwenye mechi hiyo, maana yenyewe ni siku 3 katika kazi ya miaka zaidi ya 20.

Mahut alizaliwa Angers, magharibi ya Ufaransa, Januari 1982. Kwa vijana alikuwa moto. Mwaka 1999 alitwaa US Open ya wavulana kwa wawili wawili akiwa na Julien Benneteau. Mwaka 2000 akachukua Wimbledon ya wavulana, mmoja mmoja, kwa kumfunga Mkroatia Mario Ančić fainali. Likumbukeni jina la Benneteau, litarudi.

Tatizo lake la ukubwani lilikuwa la kalenda. Mahut alijengwa kwa nyasi: bekihendi ya mkono mmoja, mpira wa kukata unaobaki chini, servi kisha mbio hadi wavuni kumalizia kwa voli, yaani kuupiga mpira kabla haujadunda. Kwenye nyasi mpira hauruki sana, unateleza, na mpokeaji analazimika kuinama na kuunyanyua. Ukiunyanyua, mtu aliyeko wavuni anakusubiri. Kwenye udongo mwekundu mpira huohuo unapaa hadi begani, mpokeaji anapata muda wa kuchagua upande, na yule aliyekimbilia wavuni anabaki akiangalia mpira ukimpita. Mahut ni Mfaransa, na Ufaransa ni nchi ya udongo mwekundu. Msimu wa nyasi kwa miaka ile ulikuwa wiki chache kati ya Roland Garros, Grand Slam ya Paris, na Wimbledon, ukiongeza mashindano ya Newport kule Marekani mara baada ya Wimbledon. Orodha ya ubora huhesabu pointi za wiki 52. Kwa hiyo mtu wa nyasi hukusanya chakula chake cha mwaka kwa mwezi mmoja, na akiumia mwezi huo, anaporomoka mwaka mzima. Mataji yake yote manne ya mmoja mmoja katika ziara ya ATP, ile ya wanaume wa kulipwa, aliyapata kwenye nyasi: 's-Hertogenbosch, Uholanzi, miaka 2013, 2015 na 2016, na Newport 2013. La kwanza alilipata akiwa na miaka 31, akitokea mechi za mchujo na akiwa nafasi ya 240 duniani. Fainali alimfunga Stan Wawrinka 6–3, 6–4. Mei 2014 alifika nafasi ya 37, ambayo ndiyo ya juu kabisa aliyowahi kushika kwa mmoja mmoja.

Lingeweza kuja mapema. Mwaka 2007 kwenye mashindano ya Queen's, London, akiwa nje ya 100 bora, alimfunga Rafael Nadal robo fainali 7–5, 7–6(0). Taibreki ya 7–0 dhidi ya Nadal si kitu cha kila siku. Fainali alikutana na Andy Roddick, akashinda seti ya kwanza 6–4 na akapata pointi ya mechi katika taibreki ya seti ya pili. Roddick aliizuia, akachukua taibreki 9–7, kisha ya seti ya tatu 7–2. Seti hizo mbili hazikuamuliwa kwa kuvunjwa kwa servi. Zote ziliishia kwenye taibreki. Huo ndio udhaifu wa mtu anayeishi kwa servi: mechi zake zinaamuliwa na pointi tatu au nne, na siku nyingine pointi hizo huenda upande wa pili.

Na mwaka 2010 hiyo hiyo, kabla ya Isner, alikuwa nafasi ya 148 na alilazimika kupita mchujo, ambao hauchezwi kwenye uwanja wa Wimbledon bali Roehampton. Raundi ya pili ya mchujo alimfunga Muingereza Alex Bogdanovic 3–6, 6–3, 24–22. Raundi ya mwisho alimtoa Stefan Koubek wa Austria kwa seti tano. Mtu huyu alifika Uwanja namba 18 akiwa tayari ametoka kwenye seti ya gemu 46 wiki iliyotangulia. Hilo nalo halikuwa kwenye mistari yenu sita, na hatuwalaumu sana, maana hata wenzenu wa Ulaya wengi hawalitaji.

Mhariri, sasa tufike kwenye mchezo wa wawili wawili, ambao kurasa zenu huutaja kwa sentensi moja, kama unatajwa. Huko ndiko Mahut alikotengeneza jina.

Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Kwa mmoja mmoja upana ni mita 8.23, kwa wawili wawili unaongezewa vichochoro viwili na kuwa mita 10.97. Kila mtu analinda takriban mita 5 na nusu, na kwa kuwa watu wanne wako karibu na wavu, pointi nyingi huisha kwa mipigo minne au mitano. Nguvu ya kupiga kutoka nyuma hupungua thamani. Kinachopanda thamani ni vitu vitatu: asilimia ya servi ya kwanza, mpira wa kupokea unaobaki chini, na voli. Mahut alikuwa na vyote vitatu tangu ujana. Vilikuwa havimtoshi kwenye udongo akiwa peke yake. Kwa wawili wawili vilimtosha kwenye kila sakafu.

Mwenzake alikuwa Pierre-Hugues Herbert, mdogo wake kwa miaka tisa. Tazameni mpangilio wao mara kwa mara walipopiga servi. Mpiga servi anasimama karibu sana na alama ya katikati ya mstari wa nyuma. Mwenzake anachuchumaa katikati, juu ya mstari unaogawa maboksi ya servi, hatua mbili au tatu kutoka kwenye wavu, kichwa kikiwa chini ya wavu, ambao katikati una kimo cha sentimita 91.4. Kabla ya kila pointi anaweka mkono nyuma ya mgongo na kuonyesha vidole: servi iende wapi, na yeye atakimbilia upande gani. Mpiga servi akiona ishara anajua upande atakaoufunika mwenyewe. Mpokeaji haoni ishara, haoni mtu amejipanga kushoto wala kulia, na analazimika kuchagua kabla ya kujua.

Mpangilio huu huharibika kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni servi kukosea sehemu. Ishara ilisema mpira uende katikati, ukatoka pembeni. Mpokeaji sasa ana pembe pana na kichochoro kiko wazi, kwa sababu aliyechuchumaa ameshaondoka kwenda upande mwingine. Ya pili ni aliyechuchumaa kuondoka mapema. Mpokeaji mzuri husubiri kuona bega likitingishika, kisha anapiga nyuma yake au anamrushia mpira wa juu. Herbert na Mahut walikuwa hodari kwa sababu hawakuondoka mapema. Mahut hasa alikuwa anatoka pale mpokeaji anapokuwa amekwisha kuanza kuzungusha raketi, akachelewa kubadili. Ni sehemu ndogo ya sekunde, na ndiyo kazi yote.

Wakipokea, Mahut hakujaribu kuvunja ukuta. Aliukata mpira, ukapita juu kidogo ya wavu na kuanguka miguuni mwa mpiga servi aliyekuwa anakimbilia mbele. Mpira wa miguuni lazima uupige kwenda juu. Ukienda juu, Herbert yuko pale.

Mapema 2015 walifika fainali ya Australian Open na kufungwa na Waitaliano Bolelli na Fognini. Septemba mwaka huohuo wakachukua US Open kwa kuwafunga Jamie Murray na John Peers 6–4, 6–4, wakawa jozi ya kwanza ya Wafaransa wawili kutwaa taji hilo la wanaume. Mwaka 2016 walichukua Indian Wells, Miami na Monte-Carlo kwa mfuatano, mbili za kwanza sakafu ngumu na ya tatu udongo. Tarehe 6 Juni 2016 Mahut akapanda namba 1 ya dunia, akiwa na miaka 34. Mwezi uliofuata wakatwaa Wimbledon, 6–4, 7–6(1), 6–3, na waliofungwa ni Édouard Roger-Vasselin na Benneteau, yuleyule aliyekuwa mwenzake utotoni. Roland Garros ikafuata 2018, mbele ya watu wao. Australian Open ikaja Januari 2019, na kwa hiyo wakawa jozi ya nane ya wanaume katika historia kukamilisha mataji yote manne ya Grand Slam pamoja. Roland Garros wakairudia 2021, safari hii Mahut ana miaka 39. Ongezeni mashindano ya mwisho wa mwaka ya ATP, London 2019 na Turin 2021.

Hayakuwa mazuri tu. Fainali ya London ya 2018 walikuwa na pointi ya mechi dhidi ya Mike Bryan na Jack Sock, wakafungwa 13–11 katika taibreki ya pointi 10. Wimbledon 2019 Herbert alikwenda kucheza na Andy Murray, Mahut akaungana na Roger-Vasselin, wakafika fainali na kufungwa na Wakolombia Cabal na Farah katika seti tano, nne kati ya hizo zikiwa za taibreki, muda wa karibu saa 5. Katika mechi hiyo mpira ulimpiga Mahut usoni kwa karibu na akatibiwa uwanjani. Tunalitaja kwa sababu wengi hudhani wawili wawili ni mchezo wa wazee wa klabu siku ya Jumapili.

Na lipo la Davis Cup, mashindano ya timu za taifa, ambalo tunaliona ni uamuzi usiompendeza mpenda haki. Mwaka 2017 Ufaransa ilifika fainali dhidi ya Ubelgiji, mjini Lille. Kapteni Yannick Noah alimwacha Mahut nje, akampanga Herbert na Richard Gasquet. Walishinda, na Ufaransa ikatwaa kombe kwa 3–2, kwa hiyo Noah hawezi kulaumiwa kwa matokeo. Mwaka 2018 wakarudi Lille dhidi ya Kroatia. Herbert na Mahut walicheza pamoja na wakashinda, na hiyo ndiyo pointi pekee Ufaransa iliyoipata katika fainali hiyo. Kombe likaenda Kroatia.

Sasa sheria, kwa kuwa msomaji wenu mmoja aliuliza kama mechi ya namna ile inaweza kutokea tena. Haiwezi. Baada ya nusu fainali ya Wimbledon 2018, ambapo Isner huyohuyo alifungwa na Kevin Anderson 26–24 katika seti ya tano, Wimbledon iliweka taibreki ikifika 12–12 kuanzia 2019. Machi 2022 mashindano yote manne ya Grand Slam yalikubaliana kitu kimoja: seti ya mwisho ikifika 6–6, inachezwa taibreki ya pointi 10, na mshindi lazima atangulie kwa 2. Anayeanza anapiga servi moja kutoka upande wa kulia. Baada yake kila mmoja anapiga mbili mbili. Upande hubadilishwa kila baada ya pointi 6. Kwa wawili wawili mzunguko wa servi ni uleule wa seti. Hapo ndipo waamuzi wapya hukosea zaidi: jozi hubadilishana kimyakimya na mwamuzi akashtuka pointi ya tano. Andikeni majina manne kwa mpangilio kabla ya pointi ya kwanza.

Katika ziara ya kawaida ya ATP wawili wawili wana jambo jingine la kufupisha: ikifika 40–40 hakuna faida (ile ya kutakiwa kutangulia kwa pointi mbili), inachezwa pointi moja ya kuamua, na wapokeaji ndio wanaochagua ipigwe upande upi. Seti ya tatu haichezwi kabisa; badala yake inakuja taibreki ya pointi 10. Katika Grand Slam, wawili wawili ya wanaume watu wazima, seti ya mwisho huchezwa kamili.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua taibreki hiyo bila kujua kwamba wanaijua. Julai 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alitwaa Wimbledon ya wasichana kwa wawili wawili. Matokeo yalikuwa 3–6, 6–4, 11–9. Hiyo 11–9 si gemu, ni pointi. Magazeti kadhaa wakati ule yaliandika "seti ya tatu 11–9" na watu wakashangaa mabinti hao walikuwa na mapafu ya namna gani.

Tunaomba basi dawati la michezo, mkipokea matokeo kutoka mashirika ya habari, myaache kama yalivyo. Mfano: fainali ya Roland Garros 2021 iliandikwa Herbert/Mahut 4–6, 7–6(1), 6–4. Namba iliyo kwenye mabano ni pointi za aliyeshindwa taibreki, kwa hiyo hiyo ilikuwa 7–1. Katika taibreki ya kawaida, mabano yakiwa 5 au chini, mshindi alipata 7. Yakiwa 6 au zaidi, mshindi alipata hiyo namba na 2 juu yake, ndiyo maana 6–7(7) ya Isner ni 9–7 kwa Mahut. Na mkiandika wawili wawili wekeni majina yote manne. Jozi haina nahodha.

Mahut aliaga Paris mwezi Oktoba 2025, akiwa na miaka 43, akicheza wawili wawili na Mbulgaria Grigor Dimitrov. Kama bado mna nafasi ya masahihisho, kuna moja la mwisho: katika picha mliyoitumia, ya watu watatu pembeni ya ubao wa matokeo, yule mrefu kuliko wote mliyemwandika kuwa ni Mahut ni Isner.

Wenu,
Waamuzi wawili wa tenisi,
Dar es Salaam